Saba Mara Nane

Hapa Tukuyu mwezi wa sita hauamki, hukohoa.
Ukungu unashuka kutoka Rungwe,
unalala juu ya mabati,
unabisha hodi wodi ya watoto,
nami nyuma yake na gumbuti zangu
na kikapu chenye madaftari manne.

Chaki, Sista Anyosisye aliikataa.
"Vumbi lako, Mwalimu, na vifua hivi!"
Nikatazama huku na huku. Ukuta umepakwa rangi ya mafuta,
haushiki mkaa, haushiki gundi.
Ndipo Gwamaka, mguu umetundikwa kwa kamba
na mfuko wa mchanga,
akaninyoshea kidole: kioo.
Kimejaa pumzi za watoto kumi na wanne
na mvuke wa sufuria la uji.

Basi huo ndio ubao wetu.
Tunaandika kwa kidole, upesi,
maana jua likifika saa nne
linafuta bila kuuliza nani hajanakili.

Kilo tatu tulizijua kwa mchanga wa Gwamaka.
Dakika tuliijua kwa dripu ya Tumpe:
matone ishirini, tukihesabu kwa kunong'ona,
kwa kuwa Tumpe amelala,
au anajifanya; tukiruka tone
hufungua jicho moja:
"Kumi na saba bado."

Asubuhi moja hatukuhesabu kitu.
Kitanda cha kona kilikuwa kimetandikwa mno.
Niliwachorea ng'ombe.
Hakuna aliyeuliza kwa nini ng'ombe.

Siku ya kuruhusiwa, Gwamaka alisimama dirishani
kwa mara ya kwanza, mguu mmoja kama korongo,
akaandika mwenyewe, kwa madaha:
7 × 8 = 54.
Kabla sijafungua mdomo
baba yake ameshaingia
na magongo aliyoyachonga kwa mlingoti,
bado yananukia.
Wakaondoka kwenda Masoko. Jua likafuta.

Au nilidhani limefuta.

Jumatatu ukungu ulirudi,
na kioo, kama mwenye duka asiyesahau deni,
kikazitoa tarakimu moja moja.
Bupe, mgeni, bendeji hadi kiwikoni,
tangu alazwe hajasema neno na mtu,
alisogea, akatazama sana,
akainua mkono wa kushoto,
akaifuta nne, akaandika sita.

"Nani huyu," akauliza,
"asiyejua saba mara nane?"