Mbao Mbili, Kigungu

Kawooya ameziegemeza ukutani,
mbao mbili za tanga, mitumba.
Hii nyembamba, lita themanini na mbili, mkia wa mbayuwayu:
"Ya mawimbi hii. Inakata kona kabla hujaiambia."
Naipenda
kama mtu apendavyo kiatu kisichomtosha.

Ila ziwa hili nalijua.
Asubuhi upepo hauwezi kukausha leso.
Saa tisa Ssese wanatuletea wingu jeusi,
na mawimbi yanakuja mafupi, yamefuatana
kama wadai mwisho wa mwezi.
Huko mbele magugumaji yanasubiri pezi refu.

Jana nilipanda mzani wa duka la posho:
kilo sitini na nane.
Muuzaji akaniuliza kama nauzwa kwa rejareja.

Nachukua ile pana, lita mia na tano,
rangi imepauka, kiraka cha gundi ubavuni.
"Hiyo haijui kucheza," Kawooya ananung'unika.
Haijui. Lakini upepo ukinifia katikati
itanivumilia nimesimama mpaka nchi kavu.
Niwekee pezi fupi, nipunguzie bei ya kiraka.

Analowesha kidole, anahesabu noti.
Mimi namwuliza, bila kumtazama:
ile nyembamba, nikiuza redio,
itakuwa bado ipo Jumamosi?