Mesi

Nilikuwa mpishi wa Balozi wa Marekani, Shangani,
nyumba ya ngazi kumi na saba na mlango unaolia.
Mngazija mimi, lakini Kifaransa
nilikiokota Maore, jikoni kwa watu,
pamoja na kuchoma bata
na kunyamaza.

Bwana Winslo alikuwa mrefu, mnyonge wa tumbo.
Alikuja na majora ya merikani,
akapeleka kwao pembe na sandarusi.
Meza yake ndiyo iliyokuwa ubalozi:
Jumatatu Mdachi wa Hamburgi, mnunuzi wa simbi,
aliyenuka pwani hata akijipaka uturi;
Jumatano Lavji wa forodhani, asiyegusa kitu
ila maji aliyokuja nayo mwenyewe;
Mwingereza, siku asiyokuja Mfaransa.
Na Mfaransa, Musyu Delariva, siku yoyote,
kwa mlango wa uani, bila hodi.

Niseme kweli: walipendana.
Bendera zao zilinuniana juu ya mapaa
na wao chini wakimenyeana machungwa.
Bibi Winslo alipokufa kwa homa, Mfunguo Tano,
Musyu ndiye aliyegongomea misumari.
Mbao zilikuwa za kasha la merikani;
maandishi ya kiwanda akayageuzia ndani, kwa heshima.
Binti yake alipozaliwa akampa jina la marehemu.
Udugu kufaana, nikasema,
nikisugua sufuria.

Kisha ikatia nanga meli ya kwenda Burboni,
kisiwa cha miwa.
Watu thelathini na wanane wakakalishwa uani kwetu,
juani, karibu na kisima kilichofunikwa.
Karatasi ilisema: vibarua huru, miaka mitano, wameridhia.
Ilitaka mkono wa shahidi asiye Mfaransa.
Kwa nani tena, kama si kwa rafiki?

Nikaitwa, vidole bado vinanuka kitunguu.
"Waulize mmoja mmoja: unakwenda kwa hiari yako?"
Nikauliza kwa Kiswahili.
Nikauliza kwa Kingazija, upuuzi mtupu.
Walinitazama mdomo
kama mtu atazamavyo ufa wa ukuta.
Wa tisa, kijana mwenye chale tatu kipajini,
akasema: mesi.
Akarudia, polepole, kwa ajili yangu: mesi.

Musyu akacheka, furaha ya kweli, akajipiga paja.
"Umesikia? Mersi! Hajapanda chombo, keshashukuru!"
Akaandika ndiyo.
Na waliobaki wote, ndiyo, ndiyo,
kalamu ikikwaruza kama kuku.
Nami nilijua Kifaransa. Nami nilitabasamu.

Bwana Winslo akapewa kalamu.
Tone la wino likaanguka karibu na mahali pa jina.
Akaiweka. Akasema kichwa kinamgonga.
Hakutia mkono, wala hakukataa;
alipanda ngazi zote kumi na saba, mlango ukalia.
Jioni alitia mkono Mdachi,
sijui kwa bei gani.
Meli ikaondoka na maji kujaa.

Jumapili Musyu akaja na chupa yake.
Wakacheza karata mpaka taa ikaomba mafuta.
Supu sikuitia chumvi;
hakuna aliyeuliza.

Mwaka wa pili, Sokomuhogo, nilisimama
kwa Abiti Kalanje, Myao, muuza mihogo.
Mwanawe mdogo akamvuta kaniki:
mesi, mesi.
Akageuka bila hata kufikiri,
akachota kwa kata mtungini, akamnywesha.
Nilimwachia mihogo na pesa zake.
Aliniita. Sikurudi.

Usiku huo walikuwa wawili tu mezani.
Niliweka sahani mbele ya Musyu.
Akasema, kama kawaida yake, bila kunitazama: mersi.
Nikaleta bilauri ya maji.
"Sikuomba maji."
"Umeomba, bwana."
Akacheka kidogo, akasema mersi.
Nikaleta ya pili.
Nikaleta ya tatu.
Bwana Winslo aliacha kutafuna.
Bilauri zilikuwa kumi na mbili nyumba nzima;
zilipokwisha, nikaanza vikombe.