Chanzo cha Fedha

Barua ya kwanza ya Bi Fairhurst, wakili,
ilikuja na maswali kumi na saba.
Niliyajibu usiku, zamuni,
juu ya meza ya kukunjia mashuka
ya nyumba ya wazee, hapa Wigan, mashine zikizunguka.

Nyumba: namba thelathini na moja, mtaa wa Kilnshaw,
matofali mekundu, imebanwa na wenzake
kama mtoto wa katikati kitandani.

Nami nilikuwa na yangu ya kuuliza.
Chini ya sakafu kuna nini?
Akaniletea ramani: zamani walichimba makaa.
Mashimo mawili. Moja lilifukiwa mwaka 1911.
La pili halijulikani lilipo.
Nikaisoma tena sentensi hiyo.
La pili halijulikani lilipo.

Mto je? Ulifurika mara moja, haukufika mlangoni.
Na kanisa likivuja, eti paa ni deni langu?
Nilidhani nimesoma vibaya. Ipo sheria ya kale;
watu hukata bima ya pauni ishirini
wakalala.

Nyumba itakuwa yako, akasema, ardhi hapana.
Ardhi imekodishwa miaka mia tisa tisini na tisa
tangu 1894, pauni tatu kwa mwaka, ikidaiwa.
Nilicheka peke yangu mbele ya mashine ya kukaushia.
Nani huyo aliyeketi akahesabu mpaka huko,
akachovya kalamu, akaona inatosha?

Kisha swali la tisa.
Fedha za amana zimetoka wapi? Thibitisha.

Mshahara, niliandika, na karatasi za benki nikaambatisha.
Akarudi: tarehe nne Machi
ziliingia pauni elfu tatu kwa mkupuo. Eleza.

Ningeuelezaje upatu?
Tuko kumi na wawili. Kemilembe husafisha treni,
Salha hushona mapazia, Nyangeta yuko jikoni hospitali.
Kila mwezi mia mbili na hamsini kila mmoja,
na mmoja wetu hubeba zote.
Risiti? Kuna daftari la Kemilembe, lenye picha ya paka,
ukurasa mmoja umeandikwa kwa wanja,
siku kalamu ilipokauka.
Mkataba? Hatuna.
Na mtu akila zamu yake akatokomea?
Mmoja alitokomea, mwaka ule wa theluji nyingi.
Tulimlipia. Alirudi Agosti na nusu ya deni
na sinia la sambusa.
Sikujua kama huo ni uthibitisho. Niliuandika.

Bi Fairhurst akataka barua kumi na moja,
kila mtu aseme fedha si mkopo,
na kwamba hadai haki yoyote ndani ya nyumba.
Salha akanipigia simu, kalamu mkononi:
“Haki yoyote? Hata ya chai?”

Wiki zikapita. Bwana Unsworth hahami
mpaka mwenye fleti ya Southport ahame,
naye hahami mpaka mjane wa Preston apone nyonga.
Bei tulipatana tangu Februari, tukashikana mikono.
Nikauliza: je, anaweza kubadili nia?
Anaweza, akajibu. Mpaka mikataba ibadilishwe,
hayo ni maneno tu.
Maneno tu. Nikatazama zile barua kumi na moja.

Fomu ya vitu ikaja, kwa mwandiko wake mwenyewe, unaotetemeka.
Mapazia: naacha.
Jiko: naacha, mlango wake unahitaji goti.
Balbu: zote naacha.
Mwaridi wa nyuma: nauchukua. Ni wa Doreen.
Hakuna kisanduku cha kuuliza Doreen ni nani.
Nikatia alama: nakubali.

Ijumaa, saa sita na dakika ishirini mchana,
fedha zimetoka kwa wakili kwenda kwa wakili
na sauti ikasema, funguo ni zako.

Sikuanza na vyumba. Nilitoka uani.
Shimo lilikuwa pale, bichi, kubwa kuliko nilivyodhani,
udongo mweusi hata ukichota unaacha alama.
Alikuwa ameufuata mzizi kwa uangalifu, mpaka mwisho.

Sijalifukia.
Salha amekuja mara mbili. Anakunywa chai
akiwa amesimama ukingoni, anatazama ndani,
ananiuliza nitapanda nini.