Ufagio na Mwiko

Bwana Knudtson ameziweka mbili juu ya kioo,
bastola na bunduki fupi, ubavu kwa ubavu,
kama mchinjaji anayekuuliza: paja au kidari?
Nje theluji imefika kwenye magurudumu ya gari langu.
"Gudrun," ananiambia, "hebu nipe mkono wako."
Nampa. Anautazama unavyotetemeka.

Bastola, anasema, ni nyepesi kubeba, nzito kulenga.
Inalala kwenye droo, kando ya miwani na vidonge vya presha,
lakini nguzo yake ni viganja vyako tu;
ukishtuka, risasi inashtuka nawe.
Hii fupi ina bega, ina shavu, ina mikono miwili:
inakuegemea nawe unaiegemea,
kama walevi wawili wanaorudishana nyumbani.
Teke lake dogo. Hata mwenye baridi yabisi analimudu.

Sikununua. Nilisema nitarudi.

Kutoka Minot hadi kwangu ni mwendo wa saa nzima,
na sherifu, barabara ikiwa nyeupe,
ni dakika arubaini akijitahidi.
Wiki iliyopita walivunja kwa akina Halvorson,
wakabeba dizeli, msumeno wa mota,
na kisha (hili ndilo linaloniamsha)
wakaketi mezani wakala keki.

Basi usiku, Leif akiwa amelala,
nilichukua utepe wa cherehani nikapima ujia:
hatua saba kutoka kitandani hadi jikoni,
upana wake mabega yangu na kiganja.
Nikazima taa.
Nikachukua ufagio, ndio bunduki fupi.
Nikachukua mwiko, ndio bastola.

Ufagio ulifika kwenye kona kabla yangu,
ukajitangaza,
ukamwangusha Orville ukutani, kioo na fremu.
Miaka tisa marehemu, na bado namgonga nikipita.
Nikajifunza kuubana, kitako kwapani, mdomo chini;
ikawezekana, ila mikono yote miwili ikawa na kazi.
Mkono mtupu haulambwi, sawa,
lakini ni mkono gani usipokuwa mtupu
utakaofungua mlango,
utakaoshika simu,
utakaomvuta mtoto?

Mwiko ulipita kila mahali.
Mwiko ulikata kona kama paka.
Nikaunyoosha gizani kuelekea jikoni,
na ncha yake ikaandika hewani, ikafuta, ikaandika,
haikutulia hata mara moja.

Kisha mlango wa kushoto ukafunguka.
"Bibi, unapika?"
Miguu peku, pajama zenye matrekta,
kimo cha kitasa, amesimama palepale
nilipokuwa nimemweka mwizi.

Mwiko ni mwiko. Nikauficha mgongoni.
Nikasema ndiyo, napika.
Tukapika uji wa shayiri saa nane za usiku,
naye akala akisinzia, kijiko mdomoni,
nami nikaenda kuugonga ukuta kwa kifundo cha kidole:
bodi ya jasi, upepo, bodi ya jasi,
na nyuma yake mto wake.
Bwana Knudtson hakuniuliza kuta zangu ni za nini.
Aliuliza mkono tu.

Asubuhi nimekiburuta kitanda cha Leif
hadi chumba cha kufulia, nyuma ya dohani la matofali,
yeye akisukuma na kupiga honi, akidhani tunacheza treni.
Jumatatu nitarudi dukani.
Huenda nikachukua ile fupi,
huenda nikaomba kuishika tena ile ndogo,
nione kama mkono umepata akili.
Kwanza nitauliza bei ya sanduku la kufuli.

Ufagio nimeurudisha nyuma ya mlango.
Mwiko bado una uji.