Chupa ya Vimto

Ramadhani imekwisha, chupa nimeibakisha.
Nimekata kijiti cha asumini chini ya kifundo,
majani ya chini nimeyanyonyoa,
nimekitia dirishani, jikoni, hapa Ruwi.
Maji ni ya kiyoyozi, yanadondoka bure.

Hamduni akacheka: "Ukuni huo, mke wangu."
Lakini kila akirudi kazini
hukichomoa, hukitazama kitako,
hukirudisha kama mtoto aliyefunua chungu cha futari.
"Utakiua kwa macho," nikamwambia.

Nje, joto limepasua ndoo ya plastiki.

Usiku wa kumi na tisa kaniamsha saa nane:
"Njoo uone."
Unywele mmoja, mweupe,
umejikunja ndani ya kioo,
naye kauinamia, taa ikimmulika kidevu
pale anapokata wake kwa mkasi
akidhani sioni.