Bega la Kushoto

Miaka kumi na moja nimechuna sangara,
meza ya chuma, barafu mpaka vifundoni,
kisu mkono wa kulia,
wa kushoto umeshika mkia wa samaki
kama ashikwavyo mdeni asitoroke.
Basi bega nalo likaanza kudai.

Hospitali wakasema: Minza, mfupa hauna kosa,
nyoosha mwili. Wakaniandikia neno moja, yoga.
Nikalipeleka duka la dawa pale Igogo.
Kijana alicheka mpaka akashika kaunta.

Kumbe ziko nyingi.
Kama sato, furu na dagaa: wote ni samaki,
ila hakuna awapikaye sufuria moja.

Nilianzia Capri Point, Jumamosi ya bure.
Vinyasa, wanaiita. Mwalimu ana miguu ya kulastara.
Pumzi, mkono, pumzi, goti, pumzi,
kabla sijajua kushoto ni upande gani
wenzangu wameshashuka, wamepanda, wamegeuka,
na ziwa lote dirishani limesimama kichwa chini.
Nzuri, sikatai.
Lakini kasi ile naijua,
ni ya mkanda wa kiwandani, msimamizi akitazama saa.
Nani alipe nauli akakimbizwe mara ya pili?

Isamilo kuna ya joto.
Mlango umefungwa, hita zinanguruma,
hita, Mwanza, mwezi wa Oktoba!
Mimi mtu wa barafu niliipenda dakika kumi.
Ya kumi na moja nilimwona marehemu shangazi ananipungia.

Iko ya kulala, yini, mito kila upande.
Nilikoroma. Waliniamsha kwa adabu.

Mhasibu wetu, Bugumba, anaapa kwa ashtanga:
mikao ileile, mpangilio uleule,
alfajiri sita kila wiki, kama tasbihi.
Nikamwambia, bwana, alfajiri zangu nimeshaziuza.
Wewe ndiye unayeziandika kwenye daftari.

Mama mkwe akauliza: na hiyo ni ibada ya nani?
Ya bega, nikasema.
Akanyamaza. Yeye ana goti.

Mwisho ni Makoroboi, nyuma ya duka la nyuzi,
Mama Hansa, Alhamisi, watu wanne.
Yake ni ya ukuta, mkanda na tofali. Ayenga.
Hakuniambia niwe mti wala mlima.
Alinipima kama anayetaka kunishonea blauzi,
akaupandisha mkono wangu ukutani mpaka ukagoma,
akachora mstari wa chaki pale ulipogomea.
“Leo ni hapa,” akasema, akaenda kwa mwingine.

Wageni hupenda kunionyesha mawe ya mji wetu,
yalivyobebana bila kuanguka,
eti nayo yanafanya yoga.
Jiwe halijawahi kuingia zamu ya usiku.
Jiwe halina bega.

Kwangu, mkanda ni kitenge kilichochanika,
tofali lilibaki mwenye nyumba alipojenga choo,
na ukuta ni ule wenye kalenda ya kanisa,
ule ambao Kabula hujipima urefu kila sikukuu.
Sasa mistari yetu imechanganyika,
yake ya penseli, yangu ya chaki.
Yeye anakua. Mimi narudi nilikokuwa.
Kuna wiki chaki haipandi hata ukucha.
Kuna wiki inashuka, nami naiandika hivyohivyo.

Sijui kama nimechagua iliyo bora.
Nimechagua inayoningoja nikichelewa.

Jana usiku, watoto wamelala,
nilinyoosha mkono rafu ya juu kabisa
nikaishusha chupa ya samli ya mama,
niliyoiweka pale kabla bega halijafunga.
Vumbi la miaka miwili. Nikaifungua.
Imechacha.
Nimeishusha mwenyewe.