Rangi ya Machungwa

Alhamisi saa moja jioni, chini ya kanisa la Kilutheri
mjini Duluth: ngazi kumi na moja za saruji,
harufu ya kahawa iliyochemka tangu adhuhuri,
uzi wa moshi wa risasi inayoyeyuka.
Sisi ni saba. Tukiwa nane, mmoja amepotea njia
akilitafuta darasa la kufuma.

Meza yetu ni mlango wa zamani juu ya mapipa.
Thuy Lan kaja na mota za vioo vya gari,
Desmond ana skrubu ndani ya makopo ya samaki,
mimi nimeleta betri, na aibu,
maana wiki jana niliunga chanya kwa hasi
na kitu cha dola arobaini kikageuka harufu.
Hakuna aliyenikemea. Waliniuliza tu, "Sasa unajua?"
Sasa najua.

Roboti yetu ina magurudumu ya kiti cha wagonjwa,
kiwiliwili cha sanduku la zana,
jicho moja juu ya ufito wa kuvulia samaki barafuni.
Tunamwita Hilma, jina la mama mkwe wa Arvo Haataja,
ambaye naye, asema Arvo, akishaamua kwenda
hakuwa na gia ya kurudi nyuma.

Sheria za mashindano ni fupi.
Uwanja wa wazi, nyasi, kokoto, mteremko.
Koni ya rangi ya machungwa imesimama mahali.
Roboti iende peke yake, iiguse, isiiangushe;
binadamu, mikono mgongoni.
Setilaiti zitakufikisha karibu,
yaani hatua sita huku, au sita kule.
Zilizobaki ni kazi ya jicho.

Na koni hatukuwa nayo.
Ilikuwa Januari, theluji imeziba madirisha,
kila mmoja akidhani mwenzake amenunua.
Arvo akatwaa koti lake la kuwindia kulungu,
rangi ya machungwa inayopiga kelele
ili wawindaji wenzio wasikudhanie mnyama,
akalivaa, akatembea ukumbini kati ya viti,
polepole, na nyonga yake mbovu,
Hilma nyuma yake.
Januari. Februari. Machi yote.
Simama, Arvo. Geuka, Arvo. Inama kidogo.
Fundi mstaafu wa ishara za reli,
mtu aliyesimamisha treni kwa taa,
akifuatwa na sanduku kama kuku na kifaranga.

Septemba, uwanja wa maonesho, juu ya ziwa.
Upepo wa Superia unapekua karatasi za waamuzi.
Roboti ya Winnipeg imezama katika shimo la sungura.
Ile ya Fargo imejizungusha mara kumi na tisa
kama mbwa atafutaye pa kulala,
kisha ikalala kweli.

Zamu yetu. Kitufe chekundu cha kusimamisha
kinaning'inia shingoni mwangu.
Hilma akateremka vizuri,
akavuka kokoto, akalikwepa benchi,
koni ile pale, mita nne, jua limeiangukia.
Akasita.
Jicho likazunguka juu ya ufito.
Akaipita.
Akaupanda mteremko hadi kwenye kamba ya watazamaji
alikosimama Arvo. Asubuhi ilikuwa ya baridi, jamani,
angevaa nini?
Desmond akatamka neno lisilotamkwa chini ya kanisa.
Kitufe nilikuwa nacho.
Sikukibonyeza.

Akapunguza mwendo, kama tulivyomfunza,
akaligusa buti la mzee, kidogo tu,
hakuangusha kitu,
akawasha taa ya kijani: nimefika.

Mwamuzi akaandika sufuri. Haki yake.
Akauliza kama tuna rufaa.
Arvo alikuwa ameinama, akijifanya anakagua waya.

Alhamisi iliyofuata, koni mpya mezani,
karatasi ya bei bado imebandikwa.
Arvo kavaa sweta ya kijivu.
Thuy Lan alikaa mbele ya kompyuta, kidole hewani.
"Nifute yote aliyojifunza?"
Kahawa ikachemka. Desmond akahesabu skrubu
alizokwisha kuzihesabu.

"Weka nakala kwanza," akasema Arvo.